Mwalimu Peninah na Barua Mbili za Kulitetea Somo la Historia

Baada ya miaka kumi na mitatu ya kufundisha Historia katika shule yetu hapa Al Sadd, mtaa wa Doha, Mwalimu Peninah Kioko anastaafu Alhamisi, tarehe 26 Juni 2014.

Alikuja Doha mwaka 2001 akitokea Machakos. Mada aliyoipenda kupita zote ni vita vya Ulaya vya mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Kila mwaka wanafunzi wake waligeuka manahodha wa meli za nchi isiyo na ugomvi na mtu. Uingereza iliwaamuru wapitie kwanza bandari zake. Ufaransa nayo ikatangaza kwamba atakayepitia huko atanyang'anywa meli. Nahodha afanyeje? Hakuna aliyewahi kupata alama zote. Aliyejibu kwamba angebaki nyumbani alikumbushwa Denmark, iliyobaki nyumbani na bado ikapokonywa na Uingereza meli zake za kivita mwaka 1807.

Chumba cha walimu nacho kilikuwa na vita vyake. Mwaka 2009 Mwalimu Onyango wa Kiingereza aliwachukua wanafunzi kwa mazoezi ya maigizo siku ya jaribio la Jiografia. Mwalimu wa Jiografia, ambaye ndiye anayeandika haya, alinuna, na kununa huko kukachukua miaka mitano. Kila mmoja wetu sisi wawili alimwambia Peninah kwamba akila na yule mwingine, asije mezani kwake. Basi akala peke yake katika chumba cha ramani, mihula miwili mizima. Naona haya kuliandika hilo.

Mwaka 2011 shule ilitaka kuiondoa Historia kwenye ratiba. Ingeondoka na ajira ya Peninah, na kibali chake cha kuishi Qatar. Mkuu wa shule alidai utetezi wa maandishi kutoka kwa walimu wa Kiingereza na Jiografia. Sisi wawili tulikataa kutia sahihi karatasi moja. Peninah hakutubembeleza. Manahodha wa zama zile za vita vya Ulaya walibeba hati za aina mbili, moja ya kumwonyesha Mwingereza na nyingine ya kumwonyesha Mfaransa. Naye akaandika barua mbili zenye maneno yaleyale, kila mtu akasaini yake. Somo likabaki, naye akabaki.

Muhula ujao hatakuwepo wa kupita katikati yetu. Jana mimi mwenyewe nilimpelekea Onyango wasifu huu. Aliusoma mara mbili, akasahihisha koma moja, kisha akauliza kama chini kuna nafasi ya jina lake.

Mwalimu Peninah, ahsante, na utuwie radhi. Tunakuombea afya na mapumziko mema nyumbani Machakos.

Fabian Mutai, Jiografia
Reuben Onyango, Kiingereza