Mangunprasojo na Kiti cha Chakula

Assalamu alaykum, ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza baba yetu. Mimi ni Palupi, binti yake wa pili, nasoma kwa niaba ya kaka yangu ambaye sauti imemkauka kwa kulia.

Bapak Mangunprasojo alizaliwa tarehe 9 Machi 1908 huko Kebumen, kitinda mimba wa fundi wa batiki, akasoma hapo hapo, kisha shule ya kilimo Bogor, alikomaliza mwaka 1929, akawa bwana shamba Wonosari, ambako tarehe 2 Mei 1934 alimwoa mama yetu, Bu Lasmini, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia mbele ya haki akiwa mchanga.

Jamhuri yetu ikiwa bado changa, Waholanzi wakitaka kututawala tena na serikali ikiwa Yogyakarta, baraza jipya la mawaziri liliundwa kwa mivutano, kila chama kikigombea viti, ila kiti cha waziri wa chakula kilikimbiwa na wote kwa kuwa maghala yalikuwa matupu, ndipo Pak Kertopati, rafiki yake wa tangu Bogor na mtu wa chama kingine, aliyekuwa amepewa wizara ya uchukuzi, akamwambia baba, akimwita kaka kama kawaida yake, "Kichukue wewe, Mas, wewe tafuta mchele, kuubeba niachie mimi," naye akakubali huku akicheka.

Mchele ukapatikana, magunia yakapangwa stesheni yakingoja kupelekwa Wonosari kulikokuwa na njaa, lakini baraza likagawanyika juu ya mapatano na Waholanzi, na chama cha baba kikawaamuru mawaziri wake wajiuzulu. Pak Kertopati alikuja nyumbani mbio, mama akiwa anakaanga tempe za soya.

"Mas, ngoja treni iondoke tu, kisha ujiuzulu."

"Nikingoja nitaitwa msaliti."

"Basi uitwe! Jina zuri halimshibishi mtu."

Baba alijiuzulu siku hiyo hiyo, baraza likaanguka hata kabla halijazoeleka, kiti chake kikakaa wazi, mchele ukakosa wa kuutetea ukachukuliwa kwa ajili ya askari, na Wonosari wakafa watu kwa njaa, wakiwemo waliocheza kwenye harusi yake.

Tangu hapo aliitwa tena serikalini na hakwenda, alirudi Wonosari kuchimba mabwawa na wanakijiji hadi alipostaafu mwaka 1964, wala hakumtafuta tena Pak Kertopati, si kwa chuki bali kwa aibu, na tulipomwambia, "Bapak, nenda ukamwone," alijibu, "Nikamwambie nini?"

Septemba iliyopita ini lilianza kumsumbua, akawa wa kitandani, na Jumapili hii Pak Kertopati akashuka treni kutoka Surabaya bila kuitwa na mtu.

"Ulisema kweli, Dik, mdogo wangu," baba akamwambia.

"Kusema ni rahisi, Mas. Chama changu kingeniamuru mimi, ningetii kabla yako. Nimelijua hilo miaka yote, nikakaa kimya."

"Mwone huyu! Na chai yote ambayo tungekunywa pamoja?"

Wakashikana mikono, wakalia, na Jumanne tarehe 12 Juni 1979 baba akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, wenzake wa mabwawa, na wewe, Pak Kertopati. Lakini nyinyi mliotoka Wonosari, baba alikaa kwenu miaka mingi akawachimbia maji, na msamaha hakuwahi kuthubutu kuwaomba, kwa hiyo leo, mbele ya jeneza lake, nawaomba mimi.

Kapumzike, Bapak, Mwenyezi Mungu akupe amani uliyoikosa.