Penina, Aliyetengeneza Taa ya Shafti

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Penina Matonya wa Miyuji, fundi wa redio na simu, aliyezikwa wiki iliyopita baada ya kuugua moyo.

Mama yake, Emiliana, ana mashine ya kusaga kule Msalato. Siku moja aliizima, akaona imetulia, akapeleka mkono kuondoa punje zilizokwama. Kumbe haikuwa imetulia. Shafti, yaani ule mhimili wa chuma unaozungusha kinu, ilikuwa bado inakwenda. Ni laini, ikizunguka unaidhani imesimama. Mama alipoteza vidole viwili.

Penina alirudi kibandani kwake, akaanza kuhangaika. Aligandisha sumaku ndogo kwenye shafti. Kando yake akafunga swichi inayopeleka umeme wa betri kwenye taa nyekundu kila sumaku inapopita. Taa ya kwanza ilimuudhi. Shafti ikienda polepole, taa inakonyeza tu, inazima.

"Hii itamponza mtu," alisema.

Akaongeza kapasita ya kutunza umeme kidogo. Akajaribu, akabadilisha, akajaribu tena, hadi taa ikawa inawaka mfululizo na kuzima pale tu shafti inaposimama kabisa.

"Mama, nyekundu ikiwaka, mkono kiunoni!"

Narudia, wasikilizaji: taa ile aliitengeneza Penina.

Kaka yake, Joel, akaiomba. "Nikamwonyeshe rafiki yangu, mdogo wangu. Kesho naileta." Penina mwenyewe alimfungia taa ile kwenye kitambaa. Haikurudi.

Aliiona tena kwenye maonyesho ya wakulima. Watu wamejazana, na Joel ameshika kipaza sauti. "Niliitengeneza kwa uchungu wa mama yangu," anasema.

Joel akamwona Penina, wala hakusita. "Na yule pale ni mdogo wangu. Hunisaidia kuunganisha nyaya."

Watu wakageuka, wakampigia makofi. Rafiki yake Penina, Frida, alikuwa naye. Anasema makofi yale yalimuuma Penina kuliko wizi wenyewe.

Jioni Penina alimkabili Joel mbele ya mama.

"Kaka, kwa nini?"

"Wewe wangekusikiliza? Jina langu si ndilo lako?"

"Jina la baba ni letu sote. Kazi ile ni yangu."

Akamgeukia mama. Mama alijua yote. Akainama. "Nyamaza, mwanangu. Yaishie humu ndani."

Penina alinyamaza. Aliendelea kutengeneza redio za watu. Akikutana na Joel alimwamkia shikamoo, lakini hakungoja marahaba. Kwa mama alikwenda kila Jumapili, akapika, akafua, akaondoka mapema. "Hakunigombeza hata mara moja," anasema mama. "Laiti angenigombeza."

Siku ya mazishi, Joel alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Mama Emiliana akainuka, akaichukua karatasi mkononi mwake.

"Kaa chini, baba."

Kisha akawageukia waombolezaji. "Taa ya shafti aliitengeneza Penina. Nilijua. Nilimwambia anyamaze, na amenitii mpaka kaburini."

Joel alikaa, akatazama udongo.

Pole, mama Emiliana. Poleni, ukoo wote wa Matonya. Mungu ampumzishe binti yetu.

Nawe unayetusikiliza, kama kuna mtu uliyemnyamazisha ili nyumba itulie, mfuate leo. Msikilize angali anaweza kukujibu.