Kitako cha Mfuko

Kijiwe chenyewe ni ubao wa msonobari juu ya mawe mawili, kwenye ukuta wa duka la dawa, mkabala na meza ya kahawa ya mama mmoja, Nana Chepa, mjini Todos Santos, huku juu milimani ambako hata mbwa huota jua kwa zamu. Asubuhi jua likigusa ubao, wanaume wamefika nalo, kila mmoja na suruali yake nyekundu ya mistari, kofia yake yenye utepe wa buluu na sindano yake ya kulabu. Wanawake wa hapa hufuma nguo kwa mtande, nyuzi zilizotandwa kwenye vijiti wanazojifunga kiunoni. Wanaume hufuma mifuko ya begani, tena kazi hiyo ina raha yake, maana inashika mikono na kuuacha mdomo huru. Mwanamume mwenye mfuko wa dukani, huyo hata kondoo wake humpa mgongo. Na kati ya vidole vyote vya ubao ule, vyenye mbio kupita vyote vilikuwa vya Fermín, kijana wa miaka ishirini na miwili. Usimwulize nani amesema. Amesema mwenyewe.

Jumamosi hiyo alitangulia kufika, akajifanya ana kiu ya kahawa.

— Nana Chepa, naomba kimoja. Chekundu. Fanya upesi.

— Vimeisha.

— Vimeishaje? Juzi ulikuwa navyo sita hapo chini ya kitambaa!

— Fundi hajaleta. Kasema wiki hii anapumzika, anataka kutazama tu. Kahawa unakunywa au unaikagua?

Hapo jasho likamtoka kijana, na baridi yote ile. Maana mfuko huanzia kitakoni: duara dogo la uzi, upana wa chapati ya mahindi, lililokazwa lisiachie hata punje ya chumvi. Kutoka kitakoni kwenda juu ni kuzunguka tu, hata mlevi anafika. Lakini kitako! Fermín alikijaribu mara tatu, mara zote kikatoka kama sikio la mbuzi. Tangu siku hiyo alikuwa akinunua vilivyokwisha kuanzwa, kwa siri, kwa Nana Chepa. Ndivyo alivyoiacha na shule, darasa la tatu: mwalimu alipenda mno kuanza mwanzo.

Siri ingejikalia salama, kama si mdomo. Mwezi uliopita alimpelekea mzee Tata Telésforo, baba yake Odilia, binti aliyemtaka, mfuko wa zawadi, akaapa mbele ya mama yake Odilia kwamba ameufuma kwa mkono wake toka kitako hadi mkanda. Kesho Jumapili wazee wa Fermín wangebeba kapu la mikate na chokoleti kwenda kumposa binti. Na mama yake Odilia, Nana Hermelinda, ndiye mwenyekiti wa kamati inayopokea wageni wanaokuja kuona mila na kazi za mikono. Mama huyo akatangaza kwamba leo, kwa mara ya kwanza, wageni wataletwa kwa wanaume kijiweni, na mwalimu wao atakuwa Fermín, kwa sababu ndiye aliyesema anajua.

Wenzake walipofika, alikuwa amekunja nne, anapuliza kahawa kama mwenye shamba.

— Hebu nielezeni, alianza Jino, aliyeitwa hivyo kwa jino la dhahabu lililomgharimu ndama mzima. Mtu anaacha kwao, anapanda ndege, anapanda basi, anatapika kona mia mbili, aje kutuona sisi tunafuma. Kwao hakuna wanaume?

— Wapo, alijibu Mishigani. Huyu alikaa Michigan miaka sita akinyonyoa kuku kiwandani, akarudi na jina na haki ya kusema mwisho. Wapo, ila vidole vyao havina kazi. Mfuko wao wa dukani, miezi mitatu umekufa. Sasa wanakuja kuhesabu mishono yetu, wakirudi wanaitia kwenye mashine.

— Umeiona hiyo mashine?

— Nimeona ya kuku.

— Ya kuku na ya mifuko wapi na wapi?

— Kote kuna kamba, bwana. Usinibishie mambo ya mahali ambako hukukaa.

Jino akafuma mishono mitatu akiwaza.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema. Ndiyo maana wanakuja basi zima.

— Methali hiyo inahusu nini hapa?

— Inahusu basi.

Pembeni kabisa alikaa Tata Telésforo, mfuko wa Fermín begani, kazi yake mkononi. Kijiweni walimwita Polepole. Miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kuona mfuko wake ukizidi upana wa chapati. Leo alikuwa na duara dogo jekundu, na kesho angekuwa nalo vilevile, labda limegeuka la kijani.

— Tata, alimtania Mishigani, huo wako utaisha lini? Tukuwekee kwenye wosia?

— Kila mtu na kipande chake, alisema Tata Telésforo, akaendelea kuzungusha uzi.

— Mimi nawaambia ukweli, alisema Jino. Mnakumbuka walivyojaa mwaka ule? Eti kalenda ya mababu zetu imesema dunia inaisha. Wakaja na kamera. Haikuisha. Sasa wanarudi kuomba radhi.

— Kwa nani?

— Kwa yeyote. Wanaona aibu kusema, ndiyo maana wananunua mfuko.

— Acha kamba, wewe! Wale wanatumwa na madaktari, alisema Mishigani. Kule presha imewashinda. Daktari anamwambia mgonjwa: nenda ukamtazame mtu anayefuma, nusu saa, kutwa mara mbili, baada ya chakula.

— Basi sisi ni dawa?

— Unadhani duka hili liko nyuma yetu bure?

Wote watatu wakageuka kulitazama duka la dawa. Kwa kweli hawakuwahi kulifikiria hivyo.

— Waje tu, alisema Fermín, na sauti ikapanda kuliko alivyoipangia. Mimi nikishika sindano hii, mgeni atadhani nyuki kaingia kwenye uzi. Nitawafundisha huku naangalia kwingine. Wewe Jino usiwaonyeshe chochote, utawaharibu.

— Na utawaanzishia? aliuliza Tata Telésforo.

Mzee hakuwa ameuliza swali kijiweni tangu Pasaka. Kahawa ikampitia Fermín njia ya pembeni, akakohoa mpaka machozi.

— Ah, Tata. Kuanza ni kitu cha kuuliza? Mwanzo... mwanzo kwetu ni damu.

— Vizuri.

Saa nne Nana Hermelinda akateremka njia ya sokoni, wageni saba nyuma yake, wanahema kama waliofukuzwa. Akasimama mbele ya ubao, mikono kiunoni.

— Hawa ndio wanaume wetu, aliwaambia kwa Kihispania. Na huyu ndiye mwalimu. Anafuma toka kitako hadi mkanda, alituapia mwenyewe. Haya, Fermín, baba, kazi kwako.

Sindano ya Fermín ikaondoka. Tuseme haki: kijana anajua. Katika mfuko alioufikisha nusu, mishono ilifuatana kama siafu wanaohama, nyekundu, njano, nyekundu, na macho yake kweli yalikuwa yakiangalia kwingine. Wageni wakaguna kwa kustaajabu. Kamera zikalia. Kifua cha Fermín kikarudi mahali pake.

Halafu mmoja wao akasogea na kuketi ubaoni. Alikuwa mzee mrefu, mikono kama koleo, dereva wa basi mstaafu, alivyojieleza kwa Kihispania cha kuchechemea. Akatoa mfukoni bunda la uzi mpya na sindano mpya, vyote vya soko la hapahapa, akaviweka juu ya magoti yake kwa adabu.

— Nina uzi, alisema. Nina sindano. Naanzaje?

Sindano ya Fermín ikasimama.

— Unaona hapa, alisema, ukishafika hapa, unazunguka...

— Ndiyo. Lakini kabla ya hapo. Naanzaje?

— Swali zuri. Mishigani, hebu mweleze wewe, si unajua lugha yao.

— Mimi lugha niliyojifunza ni ya kuku, alisema Mishigani, na ghafla uzi wake ukawa na fundo linalotaka macho yote mawili.

— Basi Jino.

— Mimi nina mfuko mkononi. Kuanza wa pili huku wa kwanza haujaisha ni mwiko.

— Mwiko wa tangu lini?

— Ni mpya.

Fermín akamtazama Jino, Jino akamtazama Mishigani, na wote watatu, kila mtu kwa wakati wake, wakageuza macho kuelekea kitambaa cha Nana Chepa. Ndipo kila mmoja alipojua kwamba hakuwa peke yake. Nana Chepa akainua birika, akalipindua. Halikutoa tone.

— Imeisha na hiyo, alisema.

Nana Hermelinda alikuwa hajaiondoa mikono kiunoni. Dereva alikuwa bado anangoja, bila haraka, kama mtu aliyezoea vituo. Tata Telésforo akavua ule mfuko wa zawadi begani, akaupindua, akapitisha kidole gumba kitakoni.

— Hapa uzi wa njano umeruka mshono mmoja, alisema. Ilikuwa Jumanne ya mvua ya mawe. Nilishtuka, nikasema nitafumua, nikaona uvivu. Nikampelekea Chepa hivihivi.

Mishigani akajikuta anautazama mkono wa mzee, lile duara dogo jekundu, wala hakuuliza tena litaisha lini.

— Mjibu mgeni, mwanangu, alisema Tata Telésforo.

Fermín alifungua mdomo. Maneno ya uongo yalikuwapo, matatu, yaliyokwisha kuvaa na kuchana nywele. Aliyatazama yote, akayaacha yapite.

— Sijui, Tata.

— Ehee. Hicho ndicho kitu cha kwanza umekifuma mwenyewe toka kitako.

Mzee akachukua ncha ya uzi, akasogea katikati ya ubao.

— Wewe kaa huku, mgeni kule.

— Na kesho, Tata? Mikate imeshaokwa.

— Ile tamu? Kuleni. Kapu lije siku utakayoniletea kitako ambacho sikijui.

Fermín akamtupia jicho Nana Hermelinda. Mama akateremsha mikono, akawageuza wageni sita waliobaki kwenda kuona mitande, na alipompita akamwambia polepole: — Odilia anapenda kijani.

Mzee akazungusha uzi kwenye kidole, mara moja, mara mbili, akavuta. Dereva akafanya hivyohivyo, chake kikakaa duara. Fermín akafanya, kikatoka sikio la mbuzi. Akafumua, akaanza tena.

Kule mwisho wa ubao Jino na Mishigani wakaanza kusogea, matako kwa matako, kidogokidogo, hadi pumzi zao zikamfikia mzee shingoni.

— Tunafuata jua tu, alisema Mishigani.

Jua lilikuwa upande ule waliotoka.