Mwanafunzi wa Dawati la Nyuma

BI CHAKI: Haloo? Nani mwenzangu? Sina miwani, sioni jina.

MWALIMU: Shikamoo, dada. Ni mimi, jirani yako wa meza ya dirishani, ofisi ya walimu.

BI CHAKI: Marahaba! Heee, mdogo wangu! Mwezi mzima kimya, ukadhani nikistaafu ndiyo nimekufa?

MWALIMU: Nisamehe, dada. Kazi tu—

BI CHAKI: Kazi, kazi. Mimi hapa kwa mwanangu, wakishatoka asubuhi nabaki na mjukuu na televisheni. Inanipa habari zake kutwa nzima, zangu haiulizi. Ehe, wakaguzi wamekuja?

MWALIMU: Leo. Wameondoka saa nane.

BI CHAKI: Ulifanya nilivyokwambia? Kwanza glasi ya maji—

MWALIMU: Nilikunywa.

BI CHAKI: Halafu usimfundishe mkaguzi, fundisha—

MWALIMU: Watoto. Ndiyo, dada. Andalio la somo mezani, madaftari yamesahihishwa, sikujieleza kabla ya kuulizwa. Yote.

BI CHAKI: Sasa mbona sauti ya msibani?

MWALIMU: [anarudishia mlango wa chumba polepole]

BI CHAKI: Haloo? Mtandao huu nao—

MWALIMU: Nipo. Ni Mama.

BI CHAKI: Yu mzima?

MWALIMU: Mwili mzima. Kumbukumbu ndiyo inamtoka. Mwezi uliopita alitoka nyumbani nikiwa kazini, wakamkuta sokoni, miguu peku, anauliza njia ya kwao alikozaliwa.

BI CHAKI: Yarabi! Na hukuniambia?

MWALIMU: Nilikupigia siku ile. Ukapokea kwa vigelegele, mjukuu kaota jino. Nikakupongeza, nikakata.

BI CHAKI: Mdogo wangu...

MWALIMU: Usijali. Basi nikawa naenda naye shuleni. Nikamkalisha dawati la nyuma, daftari lake, penseli yake. Anatulia tuli! Watoto wamemzoea, ikianguka penseli wanamwokotea. Mwalimu mkuu akafumba macho.

BI CHAKI: Mpaka leo.

MWALIMU: Mpaka leo. Mkuu akaniambia, "Mwalimu, wakaguzi wasimwone." Nikamweka stoo ya vitabu, kwenye kiti, nikamfunika khanga yangu. Nikaurudishia mlango. Sikuufunga, dada. Sikuweza kumfungia mama yangu.

BI CHAKI: Akatoka.

MWALIMU: Katikati ya somo! Nafundisha hesabu za sehemu, mkaguzi kakaa nyuma, mwanamke wa makamo, kalamu haitulii. Mlango ukafunguliwa. "Samahani Mwalimu, nimechelewa." Akaenda moja kwa moja, akaketi bega kwa bega na mkaguzi.

BI CHAKI: Ala! Watoto wakacheka?

MWALIMU: Hata mmoja. Mimi ndiyo chaki ilinidondoka. Nikaendelea. Nikauliza, nusu ukijumlisha na robo? Mama akanyoosha mkono.

BI CHAKI: Usiniambie ulimchagua.

MWALIMU: Ningemruka vipi? Akasimama. Akautazama ubao weee... kisha akasema, "Mwalimu, nilikuwa nalijua."

BI CHAKI: Jamani!

MWALIMU: Mkaguzi akamwandikia pembeni ya daftari, robo tatu. Mama akasoma kwa sauti. Darasa zima likampigia makofi.

BI CHAKI: Mungu ambariki mkaguzi huyo! Na ripoti?

MWALIMU: Somo, vizuri sana. Mstari wa pili: asiyeandikishwa asikae darasani. Kuanzia Jumatatu.

BI CHAKI: Hana roho!

MWALIMU: Anayo. Aliniambia, "Akianguka humo, Mwalimu, utajibu nini? Na mimi nitajibu nini?" Ana haki. Akanishika mkono, akataka kusema kitu kuhusu mama yake mwenyewe, akaghairi.

BI CHAKI: Basi tafuta mtu wa kukaa naye nyumbani.

MWALIMU: Atapatikana. Siyo hilo.

BI CHAKI: Ni lipi?

MWALIMU: [mtandao unakwaruza]

BI CHAKI: Haloo?

MWALIMU: Nyumbani hanijui, dada. Ananiuliza nimeingiaje. Usiku anaegemeza kiti mlangoni kwa kuniogopa. Lakini nikishika chaki, nikigeuka pale ubaoni... ananitabasamia. Ananiita Mwalimu. Pale tu ndipo mimi ni mtu kwake.

BI CHAKI: Umewaambia wenzako wa ofisini?

MWALIMU: Walikuwa wanashangilia, wakaguzi wameondoka salama. Wakaenda kunywa chai. Ningeanzia wapi?

BI CHAKI: Jumapili napanda basi la kwanza.

MWALIMU: Dada, sikupiga kwa—

BI CHAKI: Najua hukupiga kwa hilo. Ndiyo ubaya wako. Wiki mbili nitakaa naye, zaidi ya hapo siwezi kuahidi, mjukuu naye ananitegemea.

MWALIMU: Wiki mbili ni nyingi, dada. Hatakujua lakini.

BI CHAKI: Nimezoea, hata hapa—

MWALIMU: Subiri, salio linakwisha. Na Mama huyo anatoka chumbani.

BI CHAKI: Jumapili, umesikia? Uje stendi—

MWALIMU: Nitakuja. Asante, da— [mbali na simu] Shikamoo, Mama. Hapana, sijapotea. Hapana, siuzi kitu... Naishi hapa, Mama. Naishi hapa.

BI CHAKI: Haloo? Mdogo wangu? Haloo?