Marehemu Eliakim Khisa Wabwile na Bei ya Kuku Wawili

Ndugu, majirani na wote mliofika hapa Bokoli leo, Jumamosi tarehe 15 Machi 2025, tunawashukuru. Haya yanasomwa na Ivy, kitinda mimba wa marehemu. Kamati ya mazishi iliniagiza niseme "marehemu" tangu mwanzo hadi mwisho. Nitajitahidi, lakini itakaponishinda nitasema Baba, na mtanivumilia.

Marehemu Eliakim Khisa Wabwile alizaliwa tarehe 14 Aprili 1955 hapa hapa Bokoli, mtoto wa pili wa hayati Mzee Wabwile na hayati Mama Rasoa. Nyumba aliyozaliwa ilisimama pale penye migomba. Nyanya alikuwa akisema mtoto huyu alichelewa kusema, na aliposema, la kwanza lilikuwa swali. Sijui kama ni kweli, ila nikimkumbuka naamini.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, akitembea bila viatu mpaka darasa la sita, kisha akajiunga na sekondari Bungoma alikomaliza kidato cha nne mwaka 1973. Alifundisha miaka miwili bila cheti ili mdogo wake, Mzee Sifuna aliyeketi pale mbele, naye asome. Mwaka 1976 aliitwa kwenye chuo cha mafunzo ya tiba Nairobi, akahitimu mwaka 1979 kama afisa wa kliniki. Watu walimwita daktari maisha yake yote. Yeye alikuwa akiwarekebisha kila mara, nao hawakumsikiliza.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kituo cha afya kule Chwele, na hapo ndipo hadithi ya kuku inapoanza. Kila siku ya soko, saa zake za kazi zikiisha, daktari kijana alipita kwa mama mmoja muuza kuku na kuuliza bei. Aliuliza ya jogoo, ya tembe, ya mtetea anayetaga. Hakununua. Baada ya miezi mitano yule mama alimwambia bintiye kwamba mtu huyu ama ni mkaguzi wa serikali ama anakutaka wewe. Binti huyo ni mama yetu, Edinah Nasimiyu. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982, na mpaka alipostaafu marehemu alijua bei ya kuku Chwele kuliko walivyojua wauzaji wenyewe. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Mwaka 1988 alihamia hospitali moja ya misheni nje kidogo ya mji wa Kitale, tukapanga nyumba Matisi. Nyumba ile ya mabati ilikuwa na ua mdogo, na jioni tulikuwa tunamtambua Baba kwa kengele ya baiskeli kabla hajafika kwa muuza mkaa. Nikifunga macho bado naisikia.

Siku hizo daktari pale hospitalini alikuwa anaandika vipimo kwenye fomu bila kujua bei. Bei alikuwa nayo karani wa dirishani peke yake. Mgonjwa alitoka kwa daktari na fomu yake, akafika dirishani, akaambiwa bei, akaikunja fomu, akaenda. Marehemu aligundua hivyo siku moja mwaka 1994 alipokuwa akisukuma baiskeli langoni, akaona karatasi zimechomekwa ndani ya ua wa michongoma. Zilikuwa fomu za maabara, zimekunjwa vizuri. Alianza kuziokota, na kwa wiki moja alipata thelathini na moja. Nne zilikuwa na mwandiko wake mwenyewe. Alituambia hilo ndilo lililomuuma, maana wagonjwa wale wanne alikuwa na hakika amewatibu.

Basi alimwomba karani orodha ya bei, akainakili kwa mkono, na kando ya kila bei akaandika kuku. Kupima damu, kuku mmoja. Eksirei, kuku wawili. Picha ya tumbo kwa mashine, kuku watano. Kulazwa wiki nzima, mbuzi. Alisema shilingi haimwambii kitu daktari kijana aliyetoka chuoni, lakini kila mtu anajua kuku ni nini, na anajua nyumba yenye kuku wanne inafanana vipi. Aliiweka orodha chini ya kioo cha kila meza ya daktari.

Daktari Rotich, ambaye leo ni bingwa kule Eldoret na yuko nasi hapa, alikuwa mgeni mwaka huo. Mwenyewe amenikubalia niseme kwamba alikuwa anaandika vipimo saba kwa kila anayekohoa. Alipoiona orodha alicheka, akauliza kama sasa hospitali itafuga. Lakini wiki ya pili alianza kuandika vipimo vitatu, kisha viwili, na akaanza kumshika mgonjwa na kumsikiliza kifua kwa muda mrefu zaidi. Ule ua wa michongoma ukabaki na majani yake tu. Baba alifurahi sana. Nadhani alifurahi kupita kiasi.

Mwaka 1998 Gichuki, fundi wa mbao wa Matisi, alianguka kutoka kwenye paa la kibanda. Alifika hospitalini akichechemea, mguu umevimba kwenye kifundo, lakini alikuwa anaukanyaga. Marehemu alimtazama. Aliona koti lililotoboka viwiko na viatu vya matairi. Kisha akatazama chini ya kioo, akaona kuku wawili. Alimwonea huruma. Alimfunga bendeji, akampa dawa ya maumivu, akamwambia apumzike, na neno eksirei halikutoka kinywani mwake.

Baada ya wiki saba Gichuki alirudi akitembelea upande wa unyayo. Picha ilipopigwa ikaonekana mfupa ulikuwa umevunjika, na umeunga vibaya. Haungerudi tena. Marehemu alimweleza yote bila kuficha, hata ile sababu. Gichuki alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Daktari, si ungeniuliza? Kuku nilikuwa nao sita."

Baba alirudi nyumbani jioni hiyo akitembea, baiskeli ameisahau hospitalini. Hakula. Mama alimwuliza nani amekufa. Kesho yake alizitoa orodha zote chini ya vioo, na juu ya kila moja akaandika kwa kalamu nyekundu, kwa herufi kubwa: MUULIZE MWENYEWE. Kisha akazirudisha mahali pake. Tangu siku hiyo hakumwacha daktari yeyote afiche kipimo kwa sababu ya huruma. Alikuwa akiwaambia wachanga kwamba orodha imewekwa ili wajue wanamwomba mgonjwa nini. Mengine ayaamue yeye mwenye kuku. Rotich anasema alilisikia hilo mara mia mbili, na mimi namwamini, kwa sababu sisi nyumbani tulilisikia zaidi.

Gichuki naye hakuondoka maishani mwetu. Kila kiti tulichokalia alikitengeneza yeye, na alitutoza bei ya juu bila haya, naye Baba alilipa bila kubishana. Krismasi walikula pamoja. Sijawahi kumsikia hata mmoja wao akiutaja ule mguu tena.

Marehemu alistaafu mwaka 2015, akarudi Bokoli kulima na kuwasumbua wauzaji wa soko la Chwele.

Mwezi wa Septemba 2024 chakula kilianza kumkwama kooni. Tarehe 12 Novemba tulimpeleka Eldoret kwa Rotich, na vipimo vikaonyesha saratani ya koo iliyokwisha kusambaa. Tuliketi ofisini sisi watatu, Baba, Mama na mimi. Rotich aliitazama sweta ya Baba, ile ya kijani iliyoshonwa mara nyingi, kisha akaanza kusema polepole kuhusu kupumzika nyumbani na kuwa karibu na familia. Baba alimwacha aseme. Halafu akamwambia, "Rotich, hujaniuliza."

Yule mtu mzima mwenye mvi aliinamisha kichwa kama mwanafunzi. Kisha akaeleza yote. Kulikuwa na dawa ya kutundikiwa, na bei yake ilikuwa sawa na ploti ambayo Baba alikuja kuinunua Matisi. Huenda ingeongeza miezi minne, mingi yake ikiwa kitandani hospitalini. Kulikuwa pia na kibomba cha kuwekwa kooni ili chakula kipite, ambacho hakiponyi. Baba alimgeukia Mama kwanza wakaongea Kibukusu, kisha akajibu. "Hicho kibomba nakitaka. Nataka kunywa chai ya huyu mama. Hiyo dawa ingine wacha. Nipelekeni Bokoli."

Mimi nilikasirika, na sitaficha hapa mbele ya jeneza lake. Ploti nilikuwa nimeshaiuza kichwani. Huko nje kwenye maegesho nilimwambia, "Baba, umeona bei ukaogopa." Alinijibu bila hasira, "Bei nimeiona. Lakini nimeulizwa, Ivy. Gichuki hakuulizwa." Sikumpigia simu siku tisa. Nazitaka zile siku tisa mpaka leo.

Desemba nilikuja, na nikakaa. Kwa miezi mitatu alikunywa chai yenye maziwa mengi, akala uji na ndizi za kupondwa, akasikiliza redio, akabishana na Mzee Sifuna juu ya mipaka ya shamba. Jumatatu tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi, aliketi nje kwenye kiti chake, akamwomba Mama amwongezee chai. Mama aliporudi na birika alikuwa ametutoka.

Marehemu ameacha mjane, Edinah Nasimiyu. Watoto Wabwile, Rasoa, Huldah na mimi Ivy. Wajukuu kumi na mmoja. Ndugu yake Mzee Sifuna. Na Gichuki, ambaye hayumo kwenye ukoo lakini Mama ameagiza asomwe.

Jeneza mnaloliona limetengenezwa na Gichuki. Mzee Sifuna alipompigia kuuliza bei, akijiandaa kulalamika, Gichuki alisema bei ilikwisha kukubaliwa. Alikuwa amemuuliza Baba mwenyewe, mwezi wa kwanza, alipokuja kumwona, naye akasema kuku wawili. Jumanne Mama aliwachagua kwa mkono wake, mitetea wawili wanaotaga, na nikawapeleka Matisi mimi mwenyewe. Gichuki aliwapokea mlangoni, akawashika kifua kuona kama wamenona, akaingia nao ndani akichechemea.

Kuku wamefika, Baba. Pumzika kwa amani.