Mashangazi Wawili Nisiowahesabu

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Nana, chifu wetu, na wazee wako wa Kumasi, Baba Mchungaji uliyeniombea hata nilipokuwa nakukoromea, waheshimiwa madaktari, akina mama wa kwaya, na wagonjwa wenzangu wenye vilemba kama changu: amani ya Bwana iwe nanyi.

Nimeombwa niseme machache kuhusu kazi ya maabara hii tunayoifungua, yaani kuchunguza kinachoifanya saratani ya ovari ikue na kutambaa. Mimi ni muuza fufu, ule ugali wetu wa kutwanga wa muhogo na ndizi. Shule niliishia darasa la sita, na hilo la sita nililirudia. Daktari Selorm amenieleza mara tatu: ya kwanza nilisinzia, ya pili nikaitikia "amina" pasipo sala. Ya tatu nikashika hivi: ndani ya kila chembe ya mwili mna fundi wa kushona palipochanika. Mimi nilizaliwa na fundi mgonjwa. Chembe zikachanika, zikakosa adabu, zikaelea kwenye maji ya tumbo mpaka kwenye utando wa mafuta, zikatua hapo kula. Na kwa mafuta niliyobeba, ndugu zangu, zilikuta karamu!

Tumbo lilipovimba nilifanya nini? Nilipeleka magauni yapanuliwe, nikamshukuru Mungu kwa kuninenepesha. Nilipofika hospitali, Daktari Selorm akaniuliza, "Mama Dufie, katika ukoo wenu yupo aliyeugua tumbo namna hii?"

Nikajibu, mkono kifuani, "Hakuna hata mmoja." Akaandika.

Mungu ananiona, sikudanganya. Sisi Waashanti ukoo wetu ni wa mama. Dada zake baba, Shangazi Fosua na Shangazi Pokuaa, walizikwa wote wawili na matumbo kama ngoma, na mimi ndiye niliyepika kwenye misiba yao! Lakini si wa ukoo wangu, basi sikuwahesabu. Daktari naye kwao hufuata baba. Angejuaje kuuliza tena? Miezi minne nikameza dawa za gesi, ugonjwa ukitambaa.

Baada ya upasuaji ndipo mashangazi waliponiponyoka mdomoni. Daktari akashika kichwa. "Mama, fundi huyu mgonjwa hajui ukoo. Hupita kwa baba vilevile."

Damu ya kaka yangu Boahen ikapimwa. Naye anaye fundi huyo mgonjwa. Basi huenda na binti yake, Serwaa, ambaye kwetu huhesabiwa ukoo wa mama yake, anaye. Nikamwendea mbio: "Mwanangu, twende ukapimwe mapema, usije ukachelewa kama mimi."

Akanitazama. "Shangazi, ukifa sitarithi hata mwiko wako. Leo ndiyo unanirithisha ugonjwa?"

Waliokuwapo wakacheka. Nami nikacheka, maana nilistahili. Kwenye msiba wa mama yangu, mtoto huyu aliketi benchi letu akimlilia bibi yake, nami, mcha Mungu, mshika Biblia, nikamvuta mkono mbele za watu: "Ondoka hapo. Hili benchi la ukoo. Kwenu ni kule." Akaenda kukaa juani na wageni.

Ni nani basi aliyemfundisha kwamba yangu hayamhusu? Si mimi?

Mheshimiwa, umekiona hiki kiti kitupu kando yangu. Vijana wa itifaki wamekuja mara mbili kukichukua, nikawakemea. Si cha mgeni rasmi. Serwaa, nakuona pale nyuma, mlangoni, mkoba begani kama mtu wa kuondoka. Umekuja, na hilo tu limeniliza. Kiti hiki ni chako, mwanangu. Upimwe usipimwe, ni chako. Nilikosa mbele za watu, na mbele za watu naomba radhi. Ukikubali, daftari la maabara la wanaopimwa bado ni jeupe. Tutaingia wote, nikushike mkono ule ule niliouvuta.

Nawashukuru madaktari kwa uhai huu, na Mungu kwa muda wa kurekebisha upumbavu wangu. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa naketi, nanyi tazameni kama nitaketi peke yangu.