Nafasi Moja ya Mapokezi

Gari ya Fumba haijatoka Mlandege, Rawiya keshapata mwanafunzi: Bi Shariffa, mtu mzima aliyekaa naye kiti kimoja, kashika karatasi ya mazoezi ya Kiingereza. “Mwanangu, hii ‘s’ si ya wengi? Mbona kitendo cha mtu mmoja ndicho kinachopewa?”

“Vituko vyao, Bi! Jina likishaichukua, kitendo hakipati.” Rawiya alikuwa akirukaruka kitini, furaha ile ingekuwa mafuta, gari ingevuka bahari mpaka Tumbatu. “Na sisi twasema anapika, anafua na kupiga pasi, mambo yanakwenda. Mzungu hataki! Vitendo vyote vivae sare moja, kila kimoja na ‘s’ yake.”

“Nshafahamu!” Bi Shariffa akajaza majibu mbio. “Mtihani wenyewe leo, kazi ya mapokezi hoteli mpya. Nafasi moja tu. Na wewe unakwenda wapi?”

“Huko huko,” alisema Rawiya, kisha akaacha kurukaruka ghafla, hata utingo akadhani injini imezima.

Bi Shariffa akaikunja karatasi. “Basi usinifundishe tena. Nikikushinda kwa elimu yako, uso n’tauweka wapi?”

“Lakini la mwisho umekosa, Bi!”

“Nyamaza, sitaki kusikia!”

Gari ikafika Fumba, ikasimama mbele ya hoteli. Bi Shariffa akashuka mbio, masikio kayaziba kwa mikono miwili, na Rawiya nyuma yake akimpigia kelele jibu.